Hiyo 64 ya kwenye boksi si 64

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita safu yenu ya teknolojia ilizisifia kompyuta mpakato ndogo za bei nafuu, zile za inchi 11 zinazoingia hata kwenye mkoba wa kanisani. Mlisema zinamfaa mwanafunzi na mwenye biashara ndogo. Sibishi. Ninayo moja na nimefanya nayo kazi msimu mzima wa kahawa. Ila mwandishi wenu, kwa alivyoandika, naona alikaa nayo mchana mmoja tu, ofisini, tena kwenye kiyoyozi.

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima huku Kibosho, juu kidogo ya Moshi mjini. Karani wa mizani anapima, mimi naingiza kilo za kila mkulima kwenye jedwali la Excel, na fedha zikifika jedwali hilo ndilo linalosema nani anapata nini. Wanachama ni mia nne na ushee. Leja ya karatasi bado tunayo na siiachi, lakini siku hizi mambo ya ushirika yako kwenye MUVU, mfumo wa mtandaoni wa kusimamia vyama vya ushirika, na MUVU huingii kwa kalamu. Kamati ikapitisha shilingi 500,000, nikashuka mjini.

Duka lenyewe haliko mbali na stendi. Kijana akaniwekea mbili mezani: moja mtumba wa Dubai, nene, imechubuka kwenye kona, ya pili mpya, nyembamba, nailoni haijatolewa. "Mama, hii hapa haijaguswa na mtu. Intel, nne kwa sitini na nne, laki nne na sabini." Nikamuuliza sitini na nne ndiyo nini. "Ni GB, mama, kama za simu."

Kijana wa watu alisema kweli kuliko alivyojua. Hifadhi ya laptopu hizi ni ile wanayoiita eMMC, ukoo mmoja na iliyomo ndani ya simu. Si diski ya kuchomoa ukaweka kubwa zaidi. Imelehemewa kwenye bodi, na RAM yangu nayo vilevile, yaani ile nne ya kijana, kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi. Ulichonunua siku ile ndicho utakachobaki nacho hadi mashine inakata roho, na bodi ikiungua, kazi zako zimekwenda nayo.

Halafu hiyo 64 ina hesabu zake. Mwenye kiwanda anaihesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024. Kwa hiyo 64 ya kwenye boksi ikifika kwenye kioo inasomeka 59 na kitu, na kabla hujaandika hata jina lako, Windows imeshajikatia chumba chake na stoo. Nilipoiwasha mara ya kwanza nilikuta GB 31 za kutumia. Sisi wa kahawa tunalijua debe lililobonyezwa chini, kwa hiyo hapo sikushangaa sana. Kilichoniuma ni kuja kujua baadaye kwamba Microsoft wenyewe wanasema Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Yaani niliuziwa kiwango cha chini kabisa nikiambiwa ndiyo sifa yake.

Haki yake nayo niiseme. Haina feni. Ghala letu lina vumbi la maganda ya kahawa, lile jepesi linaloelea hadi kwenye chai, na kompyuta ya mezani tuliyokuwa nayo zamani ililivuta mpaka ikawa inanguruma kama mashine ya kukoboa. Hii iko kimya. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, Celeron N4020, imeundwa kwa wati 6 tu, basi inapata uvuguvugu na kuishia hapo. Ukipunguza mwanga wa kioo, chaji inakaa saa sita. Nimeipima siku umeme ulipokatika, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana.

Chaja imeandikwa volti 12, ampea 2. Hapo ndipo nilipoipenda. Mtoto wa kaka yangu ni fundi wa sola. Aliposoma maandishi hayo alicheka. "Shangazi, hii na betri ya sola ni ndugu." Lakini hakuiunga hivihivi. Betri ya sola ya volti 12 ikiwa inachajiwa hupanda hadi kupita 14, kwa hiyo alitanguliza kidude cha kushusha volti, ukubwa wake kama kiberiti. Tangu hapo umeme ukikatika mimi naendelea kupokea kahawa. Msomaji asijaribu bila fundi na bila kuisoma chaja yake mwenyewe, maana laptopu nyingi zinatumia volti 19.

Kasi? Jedwali la watu mia nne linafunguka, linajumlisha, halinung'uniki. Ila fungua MUVU, barua pepe na WhatsApp kwa mpigo, kisha nenda kaoshe vyombo, ukirudi utaikuta bado inafikiri. Prosesa ni ya mwishoni mwa 2019 na ina viini viwili. Usiidai zaidi ya hapo.

Kioo ndicho nusura kinikosanishe na watu. Mwenyekiti wetu ni mzee wa heshima zake, na siku za kujumlisha hukaa kushoto kwangu. Sasa kioo cha bei hii ukikitazama kwa ubavuni, rangi zinageuka na maandishi yanafifia. Kwa wiki mbili akawa ananiuliza kwa upole, "Mama katibu, mbona mimi hizo namba unazosoma sizioni?" Nikadhani ni macho ya uzee. Kumbe alishaanza kunishuku. Ilibidi nimpishe kiti changu, mimi nikasimama alipokuwa yeye, nikamwambia, "Soma, Mzee, maana sasa ni mimi nisiyeona." Alisoma, akacheka. Lakini tangu siku hiyo tunakaa kwa zamu, na sidhani kama ameridhika kabisa.

Kitufe cha kuwasha na kuzima wamekiweka kwenye kona ya kibodi, bega kwa bega na kile cha kufuta. Sina haja ya kueleza kinachotokea.

Siku ya malipo, Novemba, wakulima wamejaa mabenchini tangu asubuhi, Excel ikakataa kusevu. Diski imejaa. Jana yake nilikuwa nimeiunganisha na hotspoti ya simu yangu nikaisahau, nayo ikashusha masasisho ya Windows usiku kucha. Bando likaenda, nafasi ikaenda. Kosa nusu ni langu. Nikafuta hiki, nikafuta kile, jasho linanitoka na baridi yote ile ya Kibosho. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akasema, "Leteni leja." Tukaleta leja. Tukalipa kwa leja hadi jioni, na haikukosea hata shilingi.

Baada ya aibu hiyo nilijifunza mambo ambayo kijana wa dukani angeweza kunieleza kwa dakika mbili. Kwenye mipangilio ya mtandao unaiambia Windows kwamba unatumia bando la kupimwa, nayo inaacha kushusha mizigo mikubwa bila ruhusa. Masasisho makubwa yakikosa nafasi, unachomeka flashi na yanakubali kuitumia kwa muda. Na mafaili yote ya chama sasa yako kwenye kadi ya kumbukumbu pembeni, nakala ya pili kwenye flashi iliyofungiwa kabatini pamoja na mhuri.

Kuna hili la S nalo. Laptopu yangu ilikuja na Windows iliyo kwenye hali ya S, inayokubali programu za duka la Microsoft peke yake. Printa yetu ya zamani ikagoma, kwa sababu programu yake inatoka kwenye CD. Fundi mmoja mjini akataka shilingi 30,000 "kuifungua". Kumbe kutoka kwenye hali ya S ni bure, unabonyeza mwenyewe kwenye duka hilohilo la Microsoft. Ujue tu kwamba ukishatoka hurudi. Nilimlipa kabla sijajua. Kamati haijui, na sasa itajua kupitia gazeti lenu.

Mtasema basi ningechukua ule mtumba. Aliuchukua shemeji yangu wiki hiyohiyo. Prosesa yake ni Intel Core i5 ya kizazi cha sita, amebadilisha diski akaweka SSD, ile diski ya kasi, ya GB 256, ameongeza RAM ikawa 8, inakimbia kuliko yangu mara kadhaa. Lakini betri inamaliza saa moja ikijitahidi, feni inalia, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane. Yeye amebaki na Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtu anayekaa karibu na soketi na hana fedha za chama ndani yake, ningesema achukue mtumba. Mimi wa ghalani nabaki na hii yangu ndogo, kwa ajili ya feni isiyokuwepo na chaja ile ya volti 12.

Ombi langu, Mhariri: mwandishi wenu akizisifia tena mashine hizi, asituandikie "Intel, nyepesi, maridadi". Aandike hifadhi ni eMMC au SSD, RAM inaongezeka au imelehemewa, Windows iko kwenye hali ya S au haiko, na chaja ni ya volti ngapi. Wenye maduka nao wakiyaweka hayo kwenye kile kikaratasi cha bei, hawatapoteza mteja. Mimi ningenunua hiyohiyo, ila ningenunua na kadi ya kumbukumbu siku hiyohiyo.

Na kama anataka kuipima kisawasawa, anakaribishwa Kibosho mwezi wa Julai mizani ikianza. Tutamkalisha upande wa kushoto.

Mama Katibu,
Kibosho, Moshi