Nilikwenda mji wa theluji wakati wageni hawapo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mpishi wa mlimani, mwenyeji wa Marangu, na huu ni mwaka wangu wa 22 napika kwenye njia za Kilimanjaro. Novemba iliyopita nilikaa wiki tatu Zermatt, Uswisi, nikiwa mgeni wa mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye niliwahi kumpikia njia ya Machame. Tangu nirudi, kila ninayekutana naye stendi ananiuliza swali lile lile: "Uliteleza kwenye theluji?" Nikisema hapana, mji ulikuwa umefungwa, ananitazama kama mtu aliyealikwa harusini akafika masufuria yanaoshwa. Basi mimi nataka kueleza habari za hayo masufuria.

Mwenyeji wangu alichagua Novemba kwa sababu mbili, na hakunificha. Kwanza nauli ni nafuu. Pili, alijua Novemba mimi mwenyewe sina kazi, maana vuli imeanza na wageni ni wa kuhesabu. Wao nao wana vipindi vyao: baada ya skii, yaani kuteleza kwenye theluji, ya majira ya baridi kwisha, mwisho wa Aprili, hadi Juni, halafu tena kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba inapoanza. Kule juu kabisa, kwenye barafu, watu wanateleza mwaka mzima, lakini kijijini wenyewe wanafunga. Wanaiita Zwischensaison, yaani msimu wa katikati. Sisi getini tunasema lo sizoni, na tukisema hivyo tunamaanisha njaa.

Koti nililokwenda nalo nilinunua soko la mitumba la Memorial, pale Moshi. Wagumu wenzangu, yaani wapagazi wa mlimani, wanayajua haya makoti: mazito, yana mifuko hadi kwenye mkono wa kushoto, na mengine bado yana kikadi kinachoning'inia kwenye zipu. Langu lilikuwa nacho, na kwa miaka mitatu sikukikata kwa sababu nilidhani ni nembo. Mama alipovaa miwani akakisoma, kumbe ni tiketi ya siku moja ya skii ya mji fulani wa Austria. Akacheka sana, akasema koti limerudi kwao. Kesho yake akanionyesha sanduku la chuma kando ya njia, ambamo watu wanatumbukiza nguo wasizozitaka. Nilisimama pale kama mtu aliyeonyeshwa chanzo cha Mto Pangani.

Zermatt unafika kwa treni. Magari ya petroli na dizeli hayaruhusiwi kijijini, yanaachwa kijiji cha Täsch, kilomita 5 chini, na ukishafika unakuta vigari vya umeme vyenye umbo la sanduku la mikate. Havina mlio. Mara mbili nusura vinigonge, kwa sababu nimezoea kuisikia bodaboda kabla sijaiona. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,600 hivi, chini ya geti letu la Marangu, na Matterhorn imesimama juu yake, mita 4,478, imechongoka kama jino. Ni fupi kuliko Kibo Hut, kambi yetu ya mwisho kabla ya kilele kwa njia ya Marangu. Nilimwambia mama hivyo siku ya kwanza, kwa majivuno kidogo, akanijibu kwamba kule Kibo Hut watu hawafiki kwa kamba.

Mtaa mkuu, kutoka stesheni hadi kanisani, nilianza kuhesabu hoteli na mikahawa iliyofungwa, nikaacha nilipofika 30. Madirisha yamebandikwa karatasi kwa ndani, viti vimepandanishwa, mlangoni kuna kibao chenye tarehe ya Desemba. Nikajisemea, haya, huku nako njaa. Saa moja asubuhi ya siku ya pili nikaamshwa na mashine ya kuvunja zege, na ikafuata helikopta iliyoning'iniza mabomba ya chuma. Wageni wakiwepo kuna vizuizi vya kelele za ujenzi, kwa hiyo kila shimo la mwaka mzima linasubiri waondoke. Mji uliokuwa umefungwa mbele ulikuwa wazi nyuma, kwenye milango ya jikoni na ya stoo.

Ghorofa ya chini alikaa mpishi Mreno. Wareno wapo wengi sana Zermatt. Wanaosha, wanapika, wanatandika, wanajenga. Tulizungumza Kiingereza cha kuungaunga, lakini wapishi wawili hawahitaji maneno mengi. Akanipeleka kuona jiko la hoteli anakofanya kazi. Majiko yote yalikuwa yametolewa ukutani. Kijana wa miaka kama 19 alikuwa amelala chali chini ya meza ya chuma, anafungua skrubu moja moja, na kila skrubu inaingia kwenye kopo la mtindi lililoandikwa namba kwa wino mwekundu. Kopo la 1, la 2, hadi la 14. Ukuta uliokuwa nyuma ya majiko ulikuwa unakwanguliwa mafuta kwa kisu kipana, kutoka juu kwenda chini. Mimi nimepikia kwenye jiko moja la gesi kwa misimu sita bila kulifungua hata mara moja, mpaka siku lilipozimika Barafu Camp, upepo unapiga na wageni wanane wanasubiri supu. Sikumwambia.

Nyumbani kwa mama, mbele ya mlango, mafundi walikuwa wanafukua bomba la maji taka. Siku ya nne nikasema kelele hizi zinachosha. Mama akaweka kikombe chini, akaniambia kwamba mwaka 1963, yeye akiwa msichana mdogo, homa ya matumbo ililipuka Zermatt katikati ya msimu wa skii. Maji ya kunywa yalichafuliwa na maji taka. Waliugua watu zaidi ya 400, watatu wakafa, na wageni wakarudi kwao na ugonjwa katika nchi mbalimbali. Hoteli zikabaki tupu, safari hiyo bila kutaka. "Kelele hizi," alisema, "acha ziendelee." Tangu hapo sikulalamika tena, ingawa nililala na pamba masikioni.

Tulipanda hadi kilele cha Gornergrat, juu ya kijiji, kwa treni ya meno, inayopanda kwa gurudumu la meno, iliyofunguliwa mwaka 1898. Kwa dakika zisizozidi 40 unafika mita 3,089 umekaa kitako, pembeni yangu bibi mmoja na mbwa wake. Ni kama kutoka chini ya geti la Marangu ukaipita kabisa kambi ya Mandara, na hakuna aliyetapika. Njiani niliona mafundi wawili wamejifunga kwenye mnara wa nyaya za kupandisha watelezaji kwa viti, wanazungusha kwa mkono magurudumu yanayopitisha waya, moja baada ya jingine, wanasikiliza. Viti vyote vilikuwa vimevuliwa. (Sizungumzii ule mjadala wa mwaka 2019 wa magari ya nyaya Kilimanjaro. Huo una barua yake.)

Kule juu sikuwa na furaha niliyoitarajia. Unaitazama barafu ya Gorner, kubwa kuliko kitu chochote kilichobaki kwenye kilele chetu cha Kibo, lakini pembeni kwenye mwamba kuna mstari mpauko, juu sana, unaoonyesha barafu ilikofika zamani. Ni kama alama inayobaki ndani ya sufuria supu ikichemka hadi ikapungua. Barafu za Uswisi zilipoteza asilimia 10 ya ujazo wake kwa miaka miwili tu, 2022 na 2023. Sisi tuliozoea kuulizwa na wageni "hii theluji yenu inaisha lini?" tunaijua sura ya mtu anayelitazama jambo hilo. Mama alikuwa na sura hiyo. Wakubwa wa skii walijaribu kuanzisha mbio za Kombe la Dunia hapo mwishoni mwa Oktoba na mwezi huohuo wa Novemba, watelezaji washuke kutoka Uswisi waingie Italia. Mwaka 2022 zikafutwa kwa kukosa theluji. Mwaka 2023 mashine za kuchimba zikaonekana zinakwangua barafu kutengeneza njia, watu wakapiga kelele, halafu hali ya hewa ikazifuta tena. Mama hakuficha furaha yake.

Cha ajabu, majira haya ya baridi yanayowalisha leo ndiyo zamani yalikuwa msimu wao mfu. Reli ya kutoka Visp, mji wa chini bondeni, ilifika mwaka 1891, na kwa zaidi ya miaka 30 ilitembea kiangazi tu. Wageni walikuja kupanda mlima, kama kwetu. Mwingereza Edward Whymper na wenzake sita walifika kilele cha Matterhorn tarehe 14 Julai 1865. Wakati wa kushuka kamba ikakatika, wanne wakafa. Kipande cha kamba hiyo kipo makumbusho, kwenye kioo. Chembamba. Mimi nisingefungia nacho hata gunia la mkaa.

Lakini mahali nilipokaa muda mrefu ni kwenye maji. Kuna bomba la kumbukumbu kijijini, lile la kuchota maji, la Ulrich Inderbinen, mwongoza wageni wa palepale. Alizaliwa mwaka 1900 akafa 2004. Matterhorn aliipanda zaidi ya mara 370, ya mwisho akiwa anakaribia miaka 90. Nilijaza chupa yangu hapo kila asubuhi, na kila asubuhi nilimfikiria mzee mmoja wa kwetu, siwezi kumtaja, ambaye amefika kilele cha Uhuru mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na sasa anauza ndizi barabarani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Usiku kabla Mreno hajaondoka kwenda kwao kwa wiki tano, nilimuuliza atakula nini. Hakuelewa swali. Akaeleza kwamba mkataba wake wa sasa ni wa mwaka mzima na hiyo ni likizo yake. Zamani, alipokuwa wa mkataba wa msimu, alikuwa akibaki Uswisi anatafuta kazi, na bima ya kukosa kazi ilimlipa: ukishachangia miezi 12 ndani ya miaka miwili, unapata asilimia 70 au 80 ya mshahara mpaka msimu ufunguliwe au upate kazi nyingine. Analalamika kwamba karatasi za kujaza ni nyingi mno. Nilimwambia mimi ningejaza hata kwa mkono wa kushoto.

Kwetu, mgeni mmoja anapandishwa na wagumu watatu au wanne, kila mmoja na mzigo wa kilo 20 uliopimwa getini. Analipwa kwa tripu, na tipu ikipatikana. Aprili na Mei anarudi shambani kama shamba lipo. Kama halipo, anakopa kwa mama lishe, na deni linalipwa na tripu za Julai. Anapanda mlima Julai akiwa amekonda. Mimi ndiye ninayempakulia, naona.

Wakati huohuo njia zetu zinaharibika. Msituni, juu ya geti la Machame, ngazi za magogo zimelegea. Mifereji ya kando imejaa majani, maji yanapita katikati ya njia yanaichimba. Tunazijua zilipo moja moja. Ombi langu kwa wanaohusika, hifadhi na makampuni pia, ni kwamba kazi hiyo ifanywe lo sizoni, kwa malipo ya siku, na wagumu wenyewe. Vyoo vya kambini vivyo hivyo. Na jiko la gesi lifunguliwe kabla ya Juni, skrubu kwenye makopo.

Najua kuna atakayesema masika ni matope, nani atafanya kazi? Mfereji unaonyesha ubovu wake mvua ikinyesha. Ukiutengeneza Agosti unabahatisha. Kule juu ya msitu sawa, kusubiriwe kukauke, sibishi.

Wala sisemi Zermatt ni peponi. Jioni nilikuwa natembea nakuta nyumba nzima giza, madirisha sita, manane, hakuna taa, na hizo si hoteli. Ni za matajiri wa mbali wanaokuja wiki mbili kwa mwaka. Mwaka 2012 Waswisi walipiga kura kuzuia nyumba za namna hiyo zisizidi asilimia 20 katika kila manispaa, lakini zilizokwishajengwa zipo. Mpwa wake mama, fundi wa nyaya, mzaliwa wa palepale, amekosa chumba anachokimudu na anakuja kazini kwa treni kutoka bondeni. Hilo tusiliige.

Nakuandikia Aprili, Mhariri. Mvua haijakata tangu juzi, na vijana watatu wamekaa barazani kwangu wanasubiri nimalize ili tucheze bao. Mmoja ameniomba nimuulizie kama huko Zermatt wanachukua wagumu. Nimemwambia huko mizigo inabebwa na helikopta. Amenyamaza kidogo, akauliza helikopta inalipwa shilingi ngapi kwa siku.

Mpishi wa mlimani,
Marangu, Kilimanjaro