Nitalipia ng'ombe aliyekosa ndama, ila si aliyekufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mfugaji mwenzangu aliyelalamika katika ukurasa huu kwamba chama chetu cha usajili kimeacha kutoza ada kwa kila ndama anayeandikishwa, na sasa kinatoza kwa kila jike aliyemo kundini, awe amezaa au hajazaa. Kwake huko ni kulipishwa hewa. Miaka mitatu iliyopita ningetia saini chini ya barua yake bila kuisoma mara ya pili.

Aliyenigeuza ni jike wangu namba 31. Mwekundu, mpole, kwato safi, ukimwona unamtaka. Kwenye sajili ana ndama wanne, wote wazito, wote wa kujivunia, na kwa sifa hiyo nikawabakiza kundini mabinti zake wawili. Jioni moja nilikuwa natafuta tarehe ya chanjo, nikafungua daftari langu la zizini, lile lililong'oka jalada, nikakutana na 31 mwingine kabisa. Amepandishwa misimu minane. Miwili hakushika mimba. Katika ndama sita aliowazaa, mmoja alidumaa, mwingine tulimvuta kwa kamba usiku mzima akafa alfajiri. Hao wawili sikuwaandikisha. Nilipe ada ya ndama aliyekufa, au ya ndama ambaye hata mchinjaji atamnunua kwa kusitasita? Misimu miwili mitupu nayo sikuiandika, kwa sababu fomu ya ndama haina mahali pa kuandika ndama asiyekuwepo.

Sikukusudia kumdanganya mtu. Nilikuwa nabana matumizi. Lakini matokeo yake ni kwamba sajili ilimtangaza 31 kuwa mama bora, na mwenzangu mmoja akanunua dume wake akiamini hivyo. Binti yake mmoja ameshakosa msimu, kama mama yake. Sina wa kumlaumu.

Uzito nao una hila yake, na hapa ndipo wengi wetu tunajiumiza bila kujua. Chukulia ndama kumi wa jinsia moja, waliozaliwa msimu mmoja na kulishwa pamoja. Uzito wao, ukirekebishwa kufikia umri wa siku 205, ni kilo 260, 245, 240, 235, 220, 210, 205, 200, 195 na 190. Wastani ni 220. Yule wa kilo 260 ukimgawa kwa wastani, kisha ukazidisha kwa mia, anapata alama 118, na yule wa 235 anapata 107. Sasa fanya nilivyokuwa nikifanya mimi: andikisha watano wa juu tu, uokoe nusu ya ada. Wastani unapanda hadi 240. Kinara wako anashuka hadi 108, na yule wa 235, aliyewazidi wenzake sita, anaonekana wa chini ya wastani kwa alama 98. Ndama hajabadilika hata kilo moja. Umemnyima wa kulinganishwa naye, na dume aliyewazaa ndiye anayebeba lawama.

Ada ya kwa kila ndama, kwa hiyo, ilikuwa inatulipa tufiche. Ada ya kwa kila jike inaondoa kishawishi hicho: umeshalipa, andika wote. Wala si uzushi wa ofisi yetu. Chama cha wafugaji wa ng'ombe wa nyama aina ya Red Angus cha Marekani kiliingia kwenye utaratibu wa kuripoti kundi zima mwaka 1995. Kitabu cha kwanza cha ukoo wa ng'ombe, kile cha Coates cha mwaka 1822 kwa ng'ombe aina ya Shorthorn, kilijibu swali la huyu ni mwana wa nani. Mfugaji wa leo anauliza pia kama mama yake anazaa kila mwaka, na atadumu kundini hadi miaka sita au ataondolewa mapema. Swali hilo halijibiki kwa kuangalia ndama waliozaliwa tu, hasa kwa kuwa uzazi unarithiwa kwa kiasi kidogo na unahitaji kumbukumbu nyingi ndipo uonekane.

Hadi hapo niko upande wa chama. Sasa na wao wanisikie.

Namba 17 alikufa kwa kuvimba tumbo. Nikatoa taarifa siku ileile. Hesabu ya majike ilipofungwa, wiki saba baadaye, alikuwa bado yumo, na ada yake ikaja. Nikaandika tena. Mwaka uliofuata akaja tena kwenye orodha, safari hii na swali kwa nini hajaripotiwa ndama. Kama kuripoti kundi zima ni wajibu wangu, kumfuta marehemu ni wajibu wa ofisi. Nilipomuuza namba 40, tukatozwa wote wawili, mimi na mnunuzi, kwa mwaka mmoja.

Jambo la tatu ni kalenda. Mimba ya ng'ombe ni siku kama 283, kwa hiyo jike wa kuzaa kila mwaka ana siku 82 hivi za kurudisha nguvu na kushika mimba tena. Jike wangu mmoja alizaa tarehe 20 Desemba 2021, akazaa tena tarehe 4 Januari 2023. Amechelewa siku kumi na tano, basi. Lakini sajili inahesabu Januari hadi Desemba, na mwaka 2022 kwake umeandikwa hakuzaa, sawa na yule aliyekaa msimu mzima bila mimba. Hesabu ingefuata msimu wa kuzaa, si kalenda ya ukutani. Na fomu iwe na nafasi ya kutaja sababu: ametupa mimba, ametolewa viinitete vya kupandikizwa kwa majike wengine, hakupelekwa kwa dume kwa makusudi. Kisanduku kimoja cha "hakuzaa" kinawachanganya wote hao na tasa.

Ndugu yangu aliyeandika ana kundi dogo, na nakubali ada ya mara moja kwa mwaka inauma kuliko ile iliyokuja kidogokidogo. Aombe kulipa kwa awamu, nitamuunga mkono. Ila asiombe turudi kwenye fomu ya zamani.

Juzi nimepeleka orodha ya majike yangu yote 38. 31 nimemwandika na misimu yake miwili mitupu. 17 nimemwandika amekufa, kwa mara ya tatu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mfugaji wa ng'ombe wa nyama
(Jina limehifadhiwa)