Wenye betri ya moyo visiwani wapewe kile kisanduku cha nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongelee watu wenye betri ya moyo, zile peisimeka, vifaa vidogo vinavyowekwa kifuani kusaidia moyo upige sawasawa, hasa wa huku visiwani. Baba mdogo yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, yake aliwekewa Dar, basi kila ikifika tarehe ya kucheki anapanda meli mpaka Mwanza, halafu basi mpaka Dar, mtu mzima kabisa, anafika anawekewa kile kichwa cha mashine juu ya kifua, daktari anaangalia skrini anamwambia mzee betri ipo vizuri, anageuza. Nauli, malazi na mtu wa kumsindikiza, kwa kazi ya dakika chache!

Jamani hili lina dawa na wala sio mambo ya kesho. Peisimeka nyingi za sasa zina redio ndani, inaongea na kisanduku kinachokaa pembeni ya kitanda, kwenye masafa ya megahezi 402 mpaka 405 yaliyotengwa kwa vifaa vya mwilini, nguvu yake ndogo sana ndio maana kisanduku lazima kiwe chumbani. Usiku mgonjwa kalala, chenyewe kinavuta taarifa, betri imebaki kiasi gani, waya ziko sawa, moyo ulikimbia saa ngapi, kinarusha kwa mtandao wa simu hadi kwa daktari. Na Nansio mtandao upo! Zingine zinatumia bluetooth na simu ya mgonjwa mwenyewe. Kubadilisha mipangilio bado ni hospitali, ila safari za kuambiwa "ipo vizuri" zingepungua sana.

Kuna wanaoogopa kuingiliwa na wadukuzi. Hofu hiyo ina msingi, mwaka 2017 Marekani peisimeka kama 465,000 zilitakiwa kuwekewa programu mpya kwa sababu hiyo hiyo, lakini hakuna aliyepasuliwa, ilifanyika kwa mawimbi mgonjwa akiwa kakaa hospitali, dakika kama tatu. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kumweka mgonjwa karibu na wataalamu, sio ya kumnyima kifaa.

Kinachoniuma zaidi ni kutoelezwa. Mzee alikuwa anaweka simu mfuko wa shati wa kushoto, juu kabisa ya betri, hakuna aliyemwambia iwe mbali angalau sentimita 15, na simu za siku hizi zingine zina sumaku kali. Halafu mashine ya kampuni moja haisomi peisimeka ya kampuni nyingine, sasa mgonjwa asipojua yake ni ya nani atajuaje pa kwenda akizidiwa huku ziwani?

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya, kabla mtu hajawekewa aulizwe anaishi wapi, achaguliwe aina ambayo mashine yake ipo hospitali za rufaa za Kanda ya Ziwa, na anayetoka kisiwani aondoke na kisanduku chake na kadi inayotaja peisimeka yake ni ya kampuni gani, aelezwe yeye na ndugu zake kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza