Rafu ya Wageni: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wakutubi wetu, na wazazi mliokuja na watoto, hamjambo.

Asanteni kwa kufika. Jumamosi ni siku ya soko, siku ya kufua na mara nyingi siku ya mazishi, na bado viti vimejaa hadi mlangoni. Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu, na katibu ana kumbukumbu za mikutano. Mimi nitajikita katika jambo ambalo limenishughulisha mwaka mzima: vitabu vipya vya hadithi vilivyoingia katika maktaba yetu hapa Nakuru, na jinsi sisi wenyeji tulivyovipokea.

Nianze na nilichokiona Januari mwaka jana. Niliingia maktabani saa tatu asubuhi nikakuta ukumbi wa kusomea hauna nafasi. Nilifurahi, kisha nikatazama vizuri. Karibu kila aliyeketi alikuwa amekuja na kitabu chake kutoka nyumbani: marudio ya mtihani wa kidato cha nne, vijitabu vya uhasibu, maelezo ya chuo yaliyopigwa chapa na kutiwa gundi. Walichofuata ni meza, taa na utulivu. Siwalaumu hata kidogo. Nyumba nyingi za Kaptembwo, Bondeni na Free Area ni chumba kimoja, na mtoto anayesoma humo anasoma kando ya jiko na redio. Lakini nyuma ya migongo yao kulikuwa na riwaya tulizonunua kwa michango yenu mwaka uliotangulia. Nilizifungua moja baada ya nyingine. Karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya jalada ilikuwa nyeupe pe, haina muhuri hata mmoja. Roho iliniuma. Tulikuwa tumenunua vitabu, tukavigonga muhuri, tukavipanga, tukaenda zetu.

Nilimwendea mkutubi, naye akanitembeza kwenye rafu. Katika mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba kulingana na mada, fasihi ya Kiswahili iko kwenye 896.392, na riwaya za Kiingereza za Uingereza ziko 823. Namba hizo zinamfaa mtu anayejua anachotafuta. Anayetaka tu hadithi ya kumpitishia jioni hana namba kichwani. Hata majina yanampoteza: Ngugi wa Thiong'o hupangwa kwenye N, lakini vijana wengi humtafuta kwenye T, wanamkosa, wanaondoka wakiamini hayupo. Tena, kwa sababu ya uhaba wa nafasi, riwaya zetu za Kiswahili zilikuwa zimebanwa pamoja na vitabu vya sarufi na vya marudio. Kila aliyeziona alidhani ni mambo ya mtihani, akapita.

Ndipo kamati ikaamua kutengeneza rafu moja ndogo na kuiweka mkabala na mlango. Seremala mmoja wa mtaa wa Section 58, ambaye binti yake ni mwanachama, alitoza gharama ya mbao tu. Tuliiita Rafu ya Wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumefuata yote mawili. Kitabu kipya hukaa pale wiki sita, jalada likimtazama anayeingia, kisha hupelekwa kwenye namba yake kikafanye kazi pamoja na wenzake. Na kila kitabu kina kadi iliyoandikwa kwa mkono na mwanachama aliyekisoma mpaka mwisho. Sentensi tatu tu. Hairuhusiwi kufichua hadithi inavyoishia, na hairuhusiwi kuandika “kizuri sana” ukaishia hapo, kwa sababu neno hilo halimwambii mtu chochote. Mwambie kuna nini ndani.

Kadi hizo, ndugu zangu, ndizo zilizobadilisha mwaka wetu. Rafu yenyewe ni mbao.

Kitabu kilichotembea kuliko vyote ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Wengi wenu mnakumbuka mzaliwa huyo wa Zanzibar alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na jinsi tulivyojivunia kisha tukagundua kwamba hakuna hata riwaya yake moja tunayoweza kuisoma kwa Kiswahili. Riwaya hii aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akaitafsiri, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha mwaka 2022. Miaka ishirini na minane ilipita kabla hadithi hiyo haijarudi katika lugha ambayo watu waliomo ndani yake wanaizungumza. Nakala zetu mbili tuliziagiza kutoka Dar, zikaja kwa basi.

Ni kisa cha Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, ambaye baba yake anamkabidhi kwa tajiri mfanyabiashara kwa sababu ya deni. Mtoto anadhani anakwenda kumtembelea mjomba. Anakuja kutambua kwamba amewekwa rehani. Kutoka hapo tunasafiri naye na msafara wa biashara kuingia bara, miaka ile Wajerumani wanaitwaa Tanganyika, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tulipokijadili, nilitarajia tuzungumze juu ya historia. Mama mmoja kutoka Lanet akasimama akasema habari za wasichana wanaotolewa vijijini kuja kufanya kazi za nyumbani mjini, mshahara ukipokelewa na wazazi, msichana akiambiwa anakwenda kukaa na shangazi. Kuanzia hapo hakuna aliyeitaja historia tena. Tulikaa hadi mkutubi alipoanza kufunga madirisha. Mzee mmoja alimtetea baba yake Yusuf, akasema umaskini humkata mtu ulimi. Vijana walimkatalia kwa heshima lakini bila kulegeza. Mimi niko upande wa vijana, ingawa usiku ule nilimfikiria sana yule mzee.

Cha pili ni Dance of the Jakaranda cha Peter Kimani, kilichotoka mwaka 2017. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini hadithi yake ni ya hapa hapa Nakuru, na nilishangaa kuona wachache sana wanaokijua. Kinaanzia mwaka wa uhuru, 1963, katika hoteli iitwayo Jakaranda, ambapo mwimbaji kijana mwenye asili ya Kihindi anabusiwa gizani na msichana asiyemwona uso. Anapomtafuta, hadithi inarudi nyuma hadi ujenzi wa reli, ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, na babu yake kijana huyo aliyekuwa mmoja wa waliokuja kutoka India kuijenga. Yumo pia Mzungu aliyejenga nyumba ya fahari kwa ajili ya mwanamke. Mnaweza kukisia ukumbi mzima ulikumbuka nini: kasri la Lord Egerton pale Njoro, na kisa ambacho kila mtoto wa Nakuru amesimuliwa kuhusu mwanamke aliyelikataa. Mwanachama wetu aliyefanya kazi stesheni kwa miaka mingi alituletea taa ya mkono ya reli, akaiweka mezani tulipokuwa tukisoma. Mjadala tuliuendesha kwa Kiswahili, kitabu cha Kiingereza mkononi, na hakuna aliyeona ugumu. Nawahimiza mliokuwa mkiogopa vikao vya vitabu vya Kiingereza mje. Ukikwama kwenye sentensi, jirani yako atakufasiria.

The House of Rust cha Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa, kilichapishwa mwaka 2021. Kadi yake iliandikwa na msichana wa sekondari, nami nainakili hapa kwa maana, si neno kwa neno: baba mvuvi amepotea baharini, binti yake Aisha anamfuata kwa mashua ya mifupa, na anayemsindikiza ni paka anayezungumza. Basi. Kadi hiyo ilikiazimisha kitabu siku ile ile kilipowekwa, na tangu hapo hakikupata kumaliza wiki zake sita rafuni, kwa sababu hakikuwa kikikaa. Wazazi kadhaa waliniuliza kama majini na viumbe vya bahari vinafaa kusomwa na watoto. Nawajibu kama nilivyowajibu siku ile: bibi zetu walitusimulia mazimwi jikoni, nasi tukalala salama.

Tarehe 28 Mei tulipata habari za kifo cha Ngugi wa Thiong'o, huko Marekani, akiwa na umri wa miaka 87. Vitabu vyake si vipya, lakini wiki ile kamati iliondoa vyote vilivyokuwa kwenye Rafu ya Wageni ikamwachia yeye peke yake. Tulichojifunza kilitushtua. Watu waliokuwa wakimtaja kila siku walikuwa wamesoma kitabu chake kimoja tu, kile walichotahiniwa shuleni. Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1982, wengi hawakujua ipo. Mwanachama mmoja alileta nakala yake ya zamani ya Kikuyu, ya mwaka 1980, na tukasoma ukurasa wa kwanza kwa lugha zote mbili, sauti baada ya sauti. Riwaya ile aliianza akiwa kizuizini Kamiti, akiiandika kwenye karatasi za chooni. Kulikuwa na kijana aliyeuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anaweza kweli kuandika kitabu kwa lugha ya mama yake. Mwanachama wetu Mjaluo alimjibu kwamba Grace Ogot alifanya hivyo mwaka 1983 alipoandika Miaha kwa Kijaluo. Sasa Miaha iko kwenye orodha ya vitabu tunavyotafuta. Aliye na nakala nyumbani, hata iliyochakaa, tuonane.

Vitabu vya watoto vilikwenda vizuri, na walimu wanaowaleta watoto Jumatano wanastahili shukrani kuliko ninavyoweza kutoa hapa.

Kuna jambo halikwenda vizuri, na lazima niliseme. Tulipokea katoni kadhaa za riwaya kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Tulizipokea kwa nderemo bila kuomba orodha kwanza. Zilipofunguliwa, tulikuta sehemu ya tatu na ya nne za hadithi ambazo sehemu yake ya kwanza haimo, na vitabu vingine vilikuwa vimelowa vikashikana kurasa. Tulilipia usafiri kutoka Nairobi kwa pesa ambazo zingenunua riwaya kadhaa za waandishi wetu. Uamuzi ulikuwa wangu. Kuanzia sasa hatutapokea msaada wa vitabu kabla ya kuona majina yake, hata mtoaji awe nani, na sitaona haya kukataa.

Pesa zenyewe hazitoshi. Tangu sheria ya mwaka 2013, vitabu vinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kitabu cha shilingi 1,000 kinaongezwa shilingi 160 za kodi kabla hakijafika kwa msomaji, na kwa kila vitabu saba hivi tunavyonunua, tunalipa kodi inayozidi bei ya kitabu kizima. Ndiyo maana nawaomba jambo moja la uraia. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka maktaba chini ya serikali za kaunti. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mwaka jana hatukupeleka mtu hata mmoja. Waliofika walisema barabara, maji na masoko, nao walikuwa na haki. Hakuna aliyesema vitabu. Safari hii nataka wanachama wasiopungua kumi, na nataka ombi letu liwe la vitabu hasa, kwa sababu fungu likiandikwa “maktaba” tu, humalizikia kwenye rangi ya ukuta.

Mwezi huu wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia shule za sekondari ya juu. Wakija kutafuta vitabu vyao vya masomo, wapitisheni pale mlangoni, wasomeeni kadi moja.

Daftari la maombi liko mezani kwa mkutubi. Andika jina la kitabu, au hata mada tu kama hujui jina: kuna aliyeandika “hadithi yoyote ya mwanamke dereva wa matatu”, na tunaitafuta. Wasioweza kuandika wamwambie mkutubi, naye atawaandikia.

Na la mwisho. Nakala ya pili ya Peponi imetoka tangu Oktoba na haijarudi. Sitauliza nani, na kamati imekubali kusamehe faini. Kuna wasomaji wanne kwenye foleni, mmoja wao ni yule mzee aliyemtetea baba yake Yusuf, ambaye anasema anataka kuisoma tena ile sura ya kwanza. Aliye nayo airudishe hata leo. Sanduku la kurudishia liko nje ya mlango, na halina mlinzi.

Mwenyekiti
Nakuru, Januari 2026