Msikate ile tuo kabla ya mhusika kuanguka

Katuni ya tangazo ikizidi muda, mteja huomba kwanza tuondoe pale ambapo "hakuna kinachotokea". Tunaomba pabaki. Kicheko kinaandaliwa hapo.

Chukua mhusika anayeketi kwenye kiti chenye mguu mbovu, katika video ya fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Anajishusha kwa fremu 10. Kisha inakuja tuo: kwa fremu 14, zaidi kidogo ya nusu sekunde, kiti kinambeba vizuri tu. Anapepesa macho, anatabasamu. Mtazamaji ameshauona ule mguu, naye anasubiri. Mguu unakatika, na anguko lenyewe linachukua fremu 3. Geuza hesabu, tuo fremu 3 na anguko fremu 14, utapata mtu anayeteremka taratibu na hakuna atakayecheka. Tuo ikiwa fupi mno, jicho halipati nafasi ya kuusoma uso. Lakini mchoro usigande kabisa, maana itaonekana video imekwama. Kope moja kushuka na kupanda inatosha kumweka hai.

Akigonga sakafu, mwili unabonyea kwa fremu 2, unarefuka kidogo, unarudi kwenye umbo lake. Kosa linalojirudia hapa ni kumpunguza urefu bila kumwongezea upana. Ujazo ukipotea, uzito nao unapotea: anaonekana amesinyaa, hajaanguka. Sauti ya kishindo ikae kwenye fremu ya mgongano. Ikichelewa fremu 5, inasikika kama ya kitu kingine.

Kuna jaribio rahisi ambalo hata mteja anaweza kulifanya: mhusika na kiti vipakwe rangi nyeusi tupu. Kama mguu uliopinda hauonekani kwenye umbo hilo jeusi, kichekesho hakijasomeka, na dawa yake ni kuhamisha kamera ubavuni, si kuongeza maelezo ya mdomo.

Ndiyo maana, kabla ya kuchora rasmi, tunawatumia storibodi, yaani michoro ya awali ya matukio kwa mfuatano, iliyopangwa kwa muda wake halisi. Itazameni mara ya kwanza bila sauti. Kurefusha au kufupisha tuo katika hatua hiyo ni kusogeza picha tu. Rangi zikishapakwa, badiliko lilelile linadai kuchora upya mwendo wa macho, kupanga sauti upya na kusogeza kila tukio linalofuata.

Na kama sekunde lazima zipungue, tukate safari ya kukiendea kiti. Aanze akiwa tayari ameinama kuketi, mguu mbovu ukionekana waziwazi mbele yetu.