Kwa nini uanamke uwe tusi?

Mhariri,

Juzi, nikiwa katika soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, nilimsikia baba mmoja akimkaripia mwanawe aliyekuwa akilia: "Acha mambo ya kike!" Aliyasema hayo mbele ya mama lishe na wauza ndizi walioamka alfajiri kutoka Tukuyu, na hakuna aliyeshtuka. Msichana akijifunza ufundi wa magari tunamwita jasiri, lakini mvulana akipenda kusuka nywele anachekwa, kana kwamba amejishusha.

Julia Serano, mwandishi wa Marekani ambaye mwenyewe ni mwanamke aliyebadili jinsia, alieleza mwaka 2007 kwamba kejeli wanazozipata wanawake kama yeye hutokana kwa sehemu kubwa na dharau hiyohiyo ya uanamke. Nakubaliana naye, na inaniuma kuona baadhi ya watetezi wa haki za wanawake wakiwatenga wanawake hao, au wakidhani kwamba kanga na upole ni dalili za unyonge. Ibara ya 12 ya Katiba yetu inasema kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake. Nawaomba walimu na viongozi wa dini waanze kwa kuacha kulitumia neno "kike" kama tusi.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya