Kula Mapema, Usingoje Kona Baridi

Wateja wetu wanaoendesha baiskeli Barabara ya Magadi hutuuliza sana: "Nilikula vipande vyenu viwili vya tende, mbona nguvu ziliniishia pale kwenye mlima?" Tukiwauliza walivila wakati gani, wengi husema ni wakati wa kurudi, chini ya mlima wa Kona Baridi, mwili ulipokwisha kulegea. Hapo umechelewa.

Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini. Ukikanyaga kwa nguvu, akiba hiyo inakupeleka saa moja na nusu, pengine mbili. Ikipungua sana na sukari ya damu ikashuka, mikono hutetemeka, jasho baridi linakutoka, na mlima unaoupanda kila wiki unakushinda. Ukila wakati huo utapata nafuu, ila si papo hapo: damu nyingi imekwenda miguuni, na tumbo linafanya kazi polepole.

Kwa hiyo anza kula dakika 30 hadi 45 baada ya kuondoka, hata kama chai ya asubuhi bado iko tumboni. Kwa safari ya zaidi ya saa 2, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinawatosha wengi. Kipande chetu cha tende cha gramu 40 kina kama gramu 25, na ndizi mbivu ya wastani ina karibu kiasi hicho hicho. Kula vyote viwili ndani ya saa moja, kidogo kidogo. Waendeshaji wa kulipwa, kama wale walioshindania ubingwa wa dunia Kigali mwaka 2025, wengine hufika gramu 90 na kuzidi, lakini wamelizoesha tumbo kwa muda mrefu. Tafadhali usiwaige ghafla.

Tumechagua tende kwa sababu ina aina mbili za sukari pamoja, glukosi na fruktosi, na utumbo hufyonza kila moja kwa njia yake. Chokoleti hatuweki, maana joto la Magadi litaiyeyushia mfukoni. Karanga tunatia chache tu, kwa kuwa mafuta huchelewa kusagika. Kashata yetu ya karanga ni tamu kweli, lakini uile mjini Kiserian wakati wa kwenda, si ukiwa unahema mlimani.

Tafuna kwenye tambarare, kabla pumzi haijapanda, na kila tonge ulifuatishe na mafunda mawili matatu ya maji. Mwenye kisukari azungumze kwanza na daktari wake.

Na kabla hujatoka nyumbani, chana pembe ya kila karatasi, kisha panga vipande kwenye mfuko wa jezi, upande wa mkono uliouzoea. Oda za wikendi tunapokea hadi Alhamisi jioni. Tunatengeneza Ijumaa asubuhi, ili Jumamosi uvikute bado laini.